Barua kwa Salim: msokoto wa bawa lisilo na mkia

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Mchoro nimeupitia. Bawa lenyewe halina neno: mita 2.4 ncha hadi ncha, upana sentimita 30 shinani na 12 nchani. Kasoro ni msokoto, yaani jinsi pembe ya bawa inavyopungua kuelekea ncha. Umeugawa sawasawa toka shina hadi ncha, na mgawanyo wa kengele (nguvu ya kuinua ikigawanywa juu ya bawa kwa umbo la kengele) hautaki hivyo.

Prandtl, yule Mjerumani mtaalamu wa mwendo wa hewa, alikwisha onyesha kwamba urefu wa bawa ukiwa umepangwa, mgawanyo wa duaradufu ndio wenye ukinzani wa kuinua (ule unaozaliwa na kuinua kwenyewe) mdogo kuliko wote. Mwaka 1933 akageuza swali: kama kilichopangwa ni mzigo wa mhimili unaobeba bawa, si urefu? Ikatoka kengele: bawa refu zaidi kwa asilimia 22, ukinzani wa kuinua pungufu kwa asilimia 11. Kwa urefu uleule, kengele hula hasara ya theluthi nzima, kwa hiyo usije ukapunguza ncha ili ndege ienee kwenye gari!

Chukua y kuwa umbali kutoka katikati, ncha ikiwa 1. Nguvu ya kuinua hufuata (1 − y²) kwa kipeo cha 1.5. Hewa husukumwa chini kwa kadiri ya (1 − 2y²): kwenye y = 0.707 ni sifuri, kupita hapo inapanda. Kigawo cha kuinua (namba inayopima nguvu ya kuinua ya mkato) shinani kikiwa 0.6, bawa lako linadai, ukilinganisha na shina, digrii −1.2 kwenye 0.5, −3.7 kwenye 0.707, −7.1 kwenye 0.9 na −8.7 nchani. Kwa mgawo wako, 0.5 inapata −4.4, katikati ya kila nusu ya bawa panalegea na shina linabebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Pembe hizi zinahesabiwa kutoka mstari wa kuinua sifuri, yaani pembe ambayo mkato hauinui kitu, basi ukibadili umbo la mkato, toa tofauti yake.

Elevoni (vibao vya nyuma ya bawa vya kupandisha pua na kulaza ndege) zianzie sentimita 85 kutoka katikati, zisiingie ndani. Huko nje hewa inayopanda huilaza nguvu ya kuinua mbele, na pua hufuata kona bila usukani wa wima.

Hesabu hii haioni kwamba bawa limelala nyuma, jambo linalopunguza kuinua katikati na kuongeza kuinua nchani. Pitisha kwenye XFLR5, programu ya kompyuta ya kuhesabu mabawa, kwanza. Tena inafaa kasi moja tu. Ukikimbia zaidi, ncha zinasukuma chini.

Waya wa moto wa kukatia povu la bawa hukata mstari ulionyooka kati ya violezo viwili vya umbo la mkato, kwa hiyo viwili havitoshi. Weka vitano: sentimita 0, 60, 85, 108 na 120.

Wasalaam,
Idi