Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Maabara Binafsi

Ndugu wanachama, salaam.

Shughuli za kawaida zimefanyika na mnazijua: semina ya toleo la 2022 la ISO 15189 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba), kukumbushana kuhuisha leseni kwenye Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, na kutembeleana Temeke, Ilala na Kinondoni. Sitazirudia.

Lipo jambo moja ambalo limesemwa sana pembeni. Ni kweli kamati ilichukua shilingi milioni 3.2 zilizotengwa kwa sherehe ya mwaka, ikalipia sampuli za uhakiki wa ubora wa nje kwa maabara zote wanachama. Ni kweli pia kwamba mkutano mkuu haukupitisha. Lakini mkutano uliitwa mara mbili na akidi haikutimia. Mara ya pili tulikaa watu tisa kwenye ukumbi tuliolipia viti hamsini. Wanaouliza leo nani alituruhusu ndio ambao siku hiyo hawakutokea. Usajili wa kupata sampuli hizo ulikuwa unafungwa, nikasaini, na ningesaini tena.

Sababu zangu ni hizi. Kontroli tunazopima asubuhi, yaani sampuli za kujikagua wenyewe, zinakuja na viwango vyake kwenye karatasi ya kiwandani. Sampuli ya nje haina jibu pembeni: unapima, unatuma, ndipo unaambiwa umesimama wapi ukilinganishwa na wenzako. Na katika kutembeleana, nilikuta mahali chati ya joto la jokofu la vitendanishi (kemikali za kupimia) imeandikwa nyuzi 4 asubuhi na jioni, kwa kalamu ileile, hadi tarehe 30. Siku hiyo ilikuwa tarehe 22. Kipimajoto cha ndani kilisoma 11, wakati vitendanishi vile vinatakiwa vikae kati ya 2 na 8. Mgonjwa wa kisukari anaongezewa au kupunguziwa dozi kwa namba tunayoiandika sisi. Nikishajua hayo, pilau ya sherehe hainipiti kooni.

Maabara 31 kati ya 44 zilirudisha majibu. Kwenye sukari wengi walikuwa ndani ya kiwango. Kwenye kreatinini, kipimo cha figo, saba walitoka nje. Wote saba niliwapigia simu mwenyewe, na jina la maabara yoyote halikutajwa kwa mwingine. Zile 13 zilizokaa na sampuli bila kuzipima zimenisikitisha mno, maana zililipiwa.

Fedha: wanachama 44, ada shilingi 150,000, waliolipa 19, jumla 2,850,000, wanaodaiwa 25, jumla 3,750,000. Wengi wa waliolalamikia sherehe wamo humo kwenye 25.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia awamu ya pili ya sampuli, kuagiza vitendanishi kwa pamoja, na kuwasogeza wachache kuelekea ithibati. Tarehe ya mkutano mkuu itatangazwa. Wanaodaiwa wamwone Mweka Hazina kabla ya siku hiyo, na wachukue risiti.

Mwenyekiti,
Dar es Salaam