Baiskeli si gunia la viazi, zifungeni kwa maarifa

Kwa Mhariri,

Makundi ya waendesha baiskeli wa hapa Nairobi siku hizi huchanga nauli, wakakodi matatu moja na kuteremka Mai Mahiu hadi mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, takriban kilomita 90. Mpango huo ni mzuri. Barabara ya mteremko ule ni nyembamba na imejaa malori, si mahali pa mtu anayejifunza kuendesha. Kinachoumiza ni namna baiskeli zinavyorushwa juu ya keria ya paa la gari. Mtu amelipa mchango wake na kiingilio, kisha anagundua langoni kwamba gia imepinda.

Gia ya nyuma, yaani kifaa kinachohamisha cheni, ndiyo dhaifu kuliko vyote. Kipande kidogo cha alumini kinachoishikilia kwenye fremu kimeundwa kipinde upesi ili fremu yenyewe isivunjike. Baiskeli ikilalia upande wa cheni, uzito wa zile za juu hukipinda. Hutaona kitu hadi uweke gia nyepesi ya kupandia mlima: hapo kifaa hicho huingia kwenye spoki na kuzikata. Kwa hivyo kabla ya kupakia, peleka cheni kwenye duara la meno lililo kubwa kabisa nyuma ili gia isitokeze nje, halafu ilaze baiskeli upande wa cheni ukiwa juu. Kati ya baiskeli na baiskeli, weka katoni.

Ukitoa gurudumu la mbele kwenye baiskeli ya breki za disiki, mtu yeyote asiguse mkono wa breki. Pistoni zinazosukuma pedi zitasogea, pedi zitakutana, na disiki haitapita tena mpaka uzirudishe polepole kwa bisibisi bapa. Kipande cha katoni kilichokunjwa na kubanwa kati ya pedi kinazuia balaa hilo lote. Pedali ya kushoto nayo hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Wanaoilazimisha upande mwingine huishia kuikaza, na hata kuua nyuzi za kranki, mkono unaoshikilia pedali.

Kwa kufungia, mipira ya tyubu kuukuu, ileile ya bodaboda, hubana vizuri hata gari likiruka matuta kwa sababu huvutika. Ifungwe kwenye fremu, kamwe si kwenye spoki wala nyaya za breki, na juu yake ipite kamba imara ya nailoni, maana mpira hukatika.

Mkifika, jihadharini na miiba ya migunga. Kuziba tyubu pekee hakutoshi. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote, kwani ncha ya mwiba hubaki kwenye raba na kutoboa palepale.

Nawaomba wenye matatu wataje bei ya kubeba baiskeli hapa Nairobi kabla ya safari, si njiani. Na wasimamizi wa reli wafikirie jambo hili: reli ya kisasa ya SGR ilifika Suswa mwaka 2019 kupitia handaki la Ngong la kilomita 4.5, na Mai Mahiu kuna stesheni. Behewa moja la Jumamosi likitengewa ndoano za kuning'inizia baiskeli kwa gurudumu la mbele, wanaotaka kuzunguka chini ya Mlima Longonot watashukia hapo bila kuhitaji keria.

Mwendesha baiskeli,
Kasarani, Nairobi