Zile namba za kwenye mabehewa

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Umeuliza kama treni zinazopita usiku nyuma ya nyumba yako ni za hatari. Inategemea zimebeba nini, na hilo unaweza kulisoma ukiwa dirishani.

Behewa la tangi lenye shehena hatari huwa na namba ya tarakimu nne ubavuni, ileile dunia nzima: 1203 petroli, 1267 mafuta ghafi, 1075 gesi ya kupikia, 1005 amonia, 1017 klorini. Ulaya huandikwa kwenye kibao cha rangi ya chungwa, na juu yake huwekwa namba ya aina ya hatari. 3 ni kimiminika kinachowaka. Ikirudiwa, 33, kinashika moto upesi zaidi. Ikitanguliwa na X, shehena hiyo haifai kuguswa na maji kabisa. Tangi tupu nalo halivuliwi kibao mpaka lisafishwe, maana mvuke uliobaki unaweza kulipuka.

Chanzo cha ajali huweza kuwa kitu kidogo tu, kwa mfano beringi, kile kifaa kinachoiwezesha ekseli (mhimili wa magurudumu) kuzunguka kwa wepesi. Ikichakaa hupata moto hadi ncha ya ekseli ikatike. East Palestine, Ohio, Marekani, Februari 2023, vipima joto vya kando ya reli viliikuta beringi moja imezidi joto la hewa kwa nyuzi 21 za Selsiasi. Kilomita kama 17 mbele, 57. Kilomita kama 31 zaidi, 140. Muda mfupi baadaye mabehewa 38 yakaacha reli. Beringi kuharibika ni kawaida. Kilomita kama 31 bila kipima, hapo ndipo ninapolaumu.

Lac-Mégantic, Kanada, 2013, treni yenye matangi 72 ya mafuta ghafi iliegeshwa mteremkoni. Injini ya kichwa ilipozimwa, kompresa, mashine inayojaza hewa ya breki, ikasimama, hewa ya breki ikavuja polepole, na breki 7 za mkono hazikutosha. Ikateremka yenyewe hadi katikati ya mji. Watu 47 walikufa.

Treni ikianguka kwako, usisogee kusoma namba. Ikuze kwa kamera ya simu ukiwa mbali, kisha uitaje namba hiyo unapopiga simu ya dharura. Tazama upepo unakoelekea, uondoke kwa kuukata ubavuni, kwa miguu, maana cheche ya gari inatosha kuwasha gesi. Klorini ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu, hujaa mabondeni, kwa hiyo panda juu. Amonia ni nyepesi, lakini ikimwagika ikiwa baridi hutambaa chini kama ukungu (wengi hudanganyika hapa). Wingu likikuwahi, ingia ndani, funga madirisha, zima kiyoyozi. Tangi la gesi likilambwa na moto, kaa mbali mita 1,600. Mlio wa kipenga wa vali yake ya usalama, inayotoa gesi, ukizidi kupanda, linaweza kuwa karibu kupasuka.

Kwenye kivuko cha reli tafuta kibao chenye simu ya kampuni ya reli na namba ya kivuko. Vinakili kesho mchana.

Nisalimie wote nyumbani.