Mwenyekiti, tazama viti vya ukutani

Ndugu Mhariri,

Tangu lianze gumzo la nani atamrithi António Guterres pale Umoja wa Mataifa, wengi wanataka safari hii awe mwanamke. Naunga mkono. Tangu 1945 wamepita makatibu wakuu tisa, wote wanaume. Hata kwa kupiga kura ya shilingi isingetokea hivyo. Ila mimi kazi yangu ni ukalimani wa mikutano, na kutoka kibandani ninapoketi haya mambo yana sura nyingine.

Kibanda chetu huwa nyuma ya ukumbi, kina kioo mbele, na tunaingia wawili wawili: mmoja anafasiri kwa nusu saa, mwenzake anapumzisha ulimi huku akimtafutia istilahi. Mara nyingi tunaoingia ni wanawake. Basi mheshimiwa akisema kwa Kiingereza kwamba ameamua, inayosikika masikioni mwa wajumbe ni sauti yangu: "nimeamua". Mgeni akiingia amevaa hedifoni atadhani mkutano mzima unaendeshwa na akina mama. Akizivua ndipo atakapojua.

Ninachotaka wakuu wa mashirika haya wakitazame ni viti vya ukutani. Mezani kuna viti vyenye maikrofoni na vibao vya majina. Nyuma yao, ukutani, kuna safu ya viti visivyo na kitu, hata chupa ya maji. Hapo ndipo wanapokaa maofisa walioziandika nyaraka zenyewe, na hapo ndipo wanawake wanapojaa. Nawafahamu kwa sababu nyaraka hutufikia jioni ya kuamkia mkutano, nami nikituma maswali yangu kuhusu neno fulani, wanaonijibu ni wao, saa nne usiku.

Miaka michache iliyopita, kwenye mkutano wa shirika ambalo sitalitaja, mkuu wa idara alikuwa akisoma taarifa, akateleza akaanza kusoma takwimu za safu ya mwaka uliotangulia. Nakala ilikuwa mbele yangu, nikaona. Dada aliyeiandika alikuwa ukutani, naye akaona. Akaandika kikaratasi, kikapita mkono kwa mkono hadi mezani. Mkuu akakitupia jicho, akakiweka chini ya chupa yake ya maji, akaendelea. Kikaja cha pili. Nacho akakilaza juu ya cha kwanza. Mkalimani hamsahihishi msemaji. Kwa hiyo nilizifasiri zile takwimu za mwaka wa nyuma moja baada ya nyingine, kwa sauti nzuri kabisa, na wajumbe wakaziandika. Jioni nilipotoka nilimkuta yule dada bado ukumbini, anaandaa masahihisho ya kuingizwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Yalitoka kesho yake yakiwa na saini ya mkuu.

Sasa kisa cha pili, shirika lingine. Mwenyekiti alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mpenda utani. Kabla ya kufungua ajenda ya kwanza akauliza walioandika taarifa wako wapi. Kimya. Kisha ikanyooshwa mikono mitatu, yote ya ukutani, yote ya wanawake. Akawaambia wabebe viti vyao wasogee mezani, kila mmoja aieleze kazi yake mwenyewe, na wakubwa wao wataongezea wakiwa na la kuongeza. Viti vikakwaruza sakafu kwa dakika nzima. Mmoja alikuwa amevua viatu, akawa anavitafuta kwa vidole vya miguu huku ameshika kiti. Hakuna azimio lililopitishwa siku ile, wala fungu la bajeti. Siku ya tatu wahudumu wa ukumbi walikuwa wameshapanga viti hivyo hivyo bila kuagizwa. Neno "mwenyekiti" nalitamka labda mara mia kwa siku, na nilikuwa sijapata kulisikiliza vizuri hadi siku hiyo: halisemi kama ni mume au mke, linasema tu kiti ni cha nani.

Atakayesema haya ni madogo nitamrudisha kwenye jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa hapa hapa mjini kwetu Arusha, ilikokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilipoanza kusikilizwa Januari 1997, hati ya mashtaka haikuwa na shtaka la ubakaji. Mashahidi wanawake wakaanza kuyagusia yaliyowapata wao na watoto wao, na majaji hawakuyaruka, waliwauliza zaidi. Kati ya majaji hao watatu alikuwamo Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, jaji mwanamke pekee wa mahakama ile wakati huo. Juni mwaka huo huo hati ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 ikatoka hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Fikiria Pillay angekuwa amekaa ukutani na kikaratasi.

Guterres mwenyewe ameonyesha kwamba mkubwa akitaka, inawezekana. Alitangaza mkakati wake wa usawa Septemba 2017, na kufikia Januari 2020 ngazi za juu za viongozi wanaofanya kazi muda wote zilikuwa na wanawake 90 na wanaume 90. Hizo ni nafasi anazoteua mwenyewe, ndiyo maana ikawa haraka. Umoja wa Afrika nao uliamua tangu 2002 kwamba nusu ya makamishna wake wawe wanawake. Ngazi za chini zinakwenda mwendo wa kobe, kwa kuwa huko anayeteua ni mkuu wa kitengo, analetewa orodha ya waliopita mchujo, na majina yote yakiwa ya wanaume anachagua mmoja na kuendelea na chai. Hakuna anayemzuia kuirudisha orodha hiyo.

Na kuna sisi wa mkataba wa siku. Tangu 2023 mtumishi wa Umoja wa Mataifa akipata mtoto, baba au mama, ana likizo ya wiki 16, na aliyejifungua anaongezewa 10. Hongera zao. Mimi nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, shirika lililokuwa likiniita karibu kila mwezi liliacha kuniita tumbo lilipoanza kuonekana. Likanikumbuka mtoto akiwa anatembea. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba hawakutaka kunisumbua. Kuniuliza kama ninasumbuka, hakuna aliyefanya hivyo. Machi ya mwaka ule mkuu wao alikuwa ametoa hotuba ya Siku ya Wanawake Duniani, ndefu na yenye makofi, na aliyeifasiri ni mimi, nikiwa na mimba changa na pakiti ya tangawizi mfukoni.

Wiki ijayo nina mkutano wa siku tatu. Nyaraka safari hii zimewahi, na ile ndefu kuliko zote imeandikwa na mwanamke. Tumeshaandikiana mara nne kuhusu neno moja la forodha. Mpango wa viti nimeuona. Amewekwa ukutani, kiti cha tatu kutoka mlangoni. Mwenyekiti wa mkutano huo husoma gazeti lako kila asubuhi kabla ya kikao, nimemwona.

Mkalimani wa kujitegemea,
Njiro, Arusha
(Jina langu unalo, Mhariri, naomba usilichapishe, mkataba wangu ni wa siku.)