Barua kwa mdogo wangu anayejua majina ya makosa yote

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, na mashtaka yako pia, maana kabla hujanipigia wewe wenzako walikuwa wameshanipigia. Kwamba umemwambia baba mdogo, mbele ya ukoo mzima, kuwa hoja yake ni "post hoc", yaani kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha kilichofuata. Kwamba alipokujibu kuwa amekunywa mlonge na sukari ikashuka, ukammwagia majina mengine ya Kilatini na Kiingereza, naye akajitoa kwenye grupu. Mama anataka nikuseme. Sitakusema; heshima atakufundisha mwenyewe. Mimi nakuandikia kuhusu mantiki, tena hadharani, kwa sababu vijana wa aina yako wamekuwa wengi mtandaoni: wameshika majina ya makosa ya hoja kabla hawajajua hoja yenyewe ni kitu gani.

Ulikoyatoa majina hayo napajua. Kuna mabango yenye picha na maelezo ya mstari mmoja, kuna video fupi fupi, na kuna orodha nzito zaidi kama ile ya Bradley Dowden kwenye Internet Encyclopedia of Philosophy, yenye makosa zaidi ya 200, na kuisoma ni bure. Aristotle alitaja 13 tu. Ukiwa na orodha ya 200 mfukoni utamkamata kila mtu, hata muuza genge anayekuambia nyanya zake ni tamu kwa sababu zimetoka Lushoto.

Lakini wataalamu wenyewe wanazitilia shaka orodha hizi. Mwaka 1970 Charles Hamblin, mwanafalsafa wa Australia, alilalamika kwamba sura za makosa ya hoja kwenye vitabu vya kiada zinanakiliana tu, mifano ileile, bila kueleza vizuri kosa ni nini. Baada yake Douglas Walton wa Kanada alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mengi tunayoyaita makosa si makosa kila mahali. Chukua lile la kumgeukia msemaji badala ya hoja yake. Mtu akisimama kwenye basi la mkoani anasifia dawa ya mgongo huku kashika mfuko mzima wa chupa za kuuza, ukimuuliza anabaki na shilingi ngapi kwa kila chupa hujakosea chochote. Hilo ndilo swali la kwanza la mtu mwenye akili timamu.

Sasa jaribu hili kabla hujaendelea kusoma. Mezani kuna kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaziona A, K, 4 na 7. Mimi nasema: kadi yenye irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama nimesema kweli?

Wengi husema A na 4, au A peke yake. Jibu ni A na 7. Ile 4 haina kazi: nyuma yake kukiwa na irabu, sawa; kukiwa na konsonanti, sawa vilevile, kwa sababu sikusema lolote kuhusu konsonanti. Ila 7 ikigeuzwa ikakutwa na E nyuma yake, nimeumbuka.

Fumbo hili ni la Peter Wason wa Uingereza, mwaka 1966, na waliosoma vyuo vikuu wameanguka nalo kwa wingi. Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox wakalibadilisha sura huko Florida: kadi zikawa wateja wa baa, upande mmoja kinywaji, upande wa pili umri, na sharti ni kwamba anayekunywa bia awe ametimiza umri. Hapo wengi walipata. Si ajabu. Kila mtu anajua kwamba wa kukaguliwa ni mwenye bia na mwenye sura ya utoto; nani ahangaike na mzee, au na anayekunywa soda? Mantiki ni ileile, ila safari hii akili ilikuwa na sababu ya kumtafuta mvunja sheria.

Twende Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita kwenye njia ya vumbi, watu wakalala njiani siku kadhaa, wagonjwa wengine wakafia humohumo. Walitoka hadi Kenya. Viongozi nao walikunywa, na jambo hilo peke yake likawatosha wengi. Dai lilikuwa jepesi: anayekunywa kikombe anapona, iwe sukari, iwe UKIMWI.

Zipange kadi zako. Aliyekunywa. Asiyekunywa. Aliyepona. Asiyepona. Shuhuda zilizokuwa zikizunguka, kuanzia kwenye vijiwe hadi kwenye foleni yenyewe, zilikuwa za kadi ya tatu: fulani kapona. Hiyo ndiyo 4 yetu. Aliyepona awe alikunywa au hakunywa, dai linabaki palepale. Kadi za kugeuza zilikuwa mbili nyingine: waliokunywa wote, wafuatiliwe hospitali miezi kadhaa baadaye, na wasiopona, waulizwe kama waliwahi kufika Samunge. Hawa wa mwisho hawasimami kutoa ushuhuda. Wapo walioacha ARV wakiamini wamepona, na marehemu hatoi ushuhuda kabisa. Na ukimleta mgonjwa aliyekunywa na hali yake ikabaki vilevile, utaambiwa hakunywa kwa imani. Hapo kadi imeshafutwa namba, hakuna tena cha kukagua.

Umeona sikutaja hata neno moja la Kilatini.

Kwa hiyo kwa baba mdogo swali lako lilitakiwa liwe fupi: "Shikamoo baba mdogo. Ulipoanza mlonge, vidonge vya kliniki uliviacha?" Hakuviacha, mimi ndiye ninayemnunulia. Na kipindi kilekile daktari alimpiga marufuku soda na sima la usiku. Mambo matatu yameanza pamoja, sukari imeshuka, na sifa zote kapewa mlonge. Angelifikia hilo mwenyewe. Mtu amekuwa karani wa hesabu maisha yake yote, daftari lake la kliniki limeandikwa vizuri kuliko lako la chuo. Halafu kuna kosa lako, ambalo ni kubwa kuliko lake. Uliandika, kwa herufi kubwa, kwamba mlonge HAUSHUSHI sukari. Umelijuaje? Hoja yake ikianguka, inakuacha hujui. Haikupi jibu la kinyume.

Ukitaka kusoma kweli, shusha forall x. Ni kitabu cha kiada alichokitoa P.D. Magnus wa Chuo Kikuu cha Albany, New York, mwaka 2005, bila kudai hata senti. Walimu wa Calgary, Kanada, wakakipanua, na toleo lao ni bure pia. Ni pdf, unaishusha mara moja kwa intaneti ya chuo, baada ya hapo bando halikuhusu. Mwanzoni tu kitakufundisha jambo ambalo mabango yako hayaligusi: hoja inaweza kuwa halali, yaani hitimisho likafuata kutoka kwenye sababu zake, huku kila kilichomo ni uongo. Kila mkazi wa Tanga ni samaki. Samaki wote wanaruka angani. Kwa hiyo kila mkazi wa Tanga anaruka angani. Halali kabisa. Ukitaka kuipinga lazima upinge mojawapo ya kauli mbili za mwanzo, kwa sababu hitimisho limefuata sawasawa. Kisha yatakuja majedwali ya ukweli, yanayopanga kila namna ambavyo kauli zinaweza kuwa kweli au uongo. Yanachosha. Yafanye. Ile Stanford Encyclopedia of Philosophy, iliyoko mtandaoni tangu 1995, iache kwanza. Makala zake ni nzuri ila zinamfaa mtu aliyeshazoea kutofautisha hitimisho na sababu zake.

Vyote hivi ni vya Kiingereza, na hilo ni tatizo. Nusu ya makosa utakayofanya yatakuwa ya lugha. Kwa hiyo kila zoezi liandike upya kwa Kiswahili, kwa mambo unayoyajua. Haya ya kuanzia nimekutungia mimi. Tuchukulie ni kweli kwamba mvua kubwa ikinyesha Kariakoo, Jangwani hujaa maji. Kumbuka pia kwamba mto Msimbazi, unaopita Jangwani, unaanzia milima ya Pugu.

Leo Jangwani pamejaa maji. Kwa hiyo Kariakoo imenyesha mvua kubwa.

Leo Jangwani hapajajaa maji. Kwa hiyo Kariakoo haikunyesha mvua kubwa.

Niandikie ipi inasimama, ipi haisimami, na kwa nini. Tumia kadi kama zitakusaidia. Majina yake usinitajie.

Dada yako