Tupeni nusu ukurasa kwa ajili ya waliopotelea visiwani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kirumba, Mwanza. Jioni akina mama wanaoanika dagaa pale Mwaloni huja kwangu niwaandikie barua. Mwezi uliopita alikuja mmoja, mikono bado inanuka dagaa, akakaa kimya muda mrefu kabla hajaniambia la kuandika. Mumewe alikwenda kuvua kisiwani Goziba, humu Ziwa Victoria, akaahidi kurudi mbalamwezi ikianza. Mbalamwezi kumi na nne zimepita.

Wiki hiyohiyo mwanangu aliniletea jarida la Wayahudi wa Marekani. Humo nikasoma habari za gazeti lao, Forward, lililoanza New York mwaka 1897 kwa Kiyidishi, lugha waliyotoka nayo Ulaya Mashariki. Mhariri wake, Abraham Cahan, alitaka Kiyidishi cha mshona nguo na mchuuzi wa sokoni, si cha wasomi. Mwaka 1906 akaanzisha safu ya Bintel Brief, yaani fungu la barua. Watu wakamwaga yao: mapenzi, ugomvi wa mama mkwe, njaa, dini ya nyumbani inayowaponyoka watoto. Naye akawajibu, mwanzoni kwa mkono wake mwenyewe.

Kilichonishika zaidi ni ukurasa wao wa picha za waume waliotoroka, wakaacha wake na watoto katika vyumba vya kupanga. Nilimwona yule mama wa Mwaloni waziwazi.

Mhariri, gazeti lako tunalipokea kila asubuhi, siasa tele, mpira tele. Naomba nusu ukurasa kwa wiki wa barua kama hizi, zijibiwe na mtu anayeijua Sheria ya Ndoa ya 1971 na asiyekuwa mwepesi wa kumlaumu mwanamke. Ila picha za waume msiweke. Ziwa letu linaua. Huenda mtu amezama, na watoto wake shuleni wakaambiwa baba yao ni mtoro. Hilo siwezi kulivumilia, nimefundisha watoto hao miaka thelathini na moja.

Barua ya yule mama ninayo, ameniruhusu niitume kwako. Jina lake ameomba lifichwe. Jina la mtumbwi tumeliandika, pamoja na rangi yake, kwa sababu wavuvi wa Goziba wanafahamiana kwa mitumbwi.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza