Msiuze regyuleta za zamani za wazamiaji kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Mi ni fundi wa injini za boti hapa Likoni, na miaka mingi sasa nakusanya regyuleta za zamani za wazamiaji, zile za kupumulia chini ya maji na mtungi mgongoni. Sasa mwezi uliopita nimeingia kwa jamaa anayenunua vyuma kuukuu natafuta propela, nakuta kwenye gunia la brasi kuna regyuleta nne, mbili zishapondwa kwa nyundo, hosi zimekatwa kwa kisu, na moja kati ya hizo zilizopondwa ilikuwa Mistral, aina ya zamani ya hosi mbili. Mtu alikuwa anafunga duka la uzamiaji akaziuza kwa kilo pamoja na mifereji ya bafuni! Jamaa wa vyuma simlaumu, yeye kaletewa brasi kapima brasi. Ndo maana naandika, watu wajue wameshika nini.

Kama una mtungi wa gesi jikoni basi regyuleta unaijua, ile inayoishusha presha kabla gesi haijafika kwenye jiko. Ya mzamiaji inafanya hivyo hivyo ila inakupa hewa pale unapovuta tu, tena kwa presha sawa na ya maji yaliyokuzunguka. Na ukoo wao ni mmoja kweli, wakati wa Vita Kuu ya Pili petroli ilikuwa shida Ufaransa, injinia wa kampuni ya gesi ya Air Liquide anaitwa Émile Gagnan akawa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi, na Jacques Cousteau wa jeshi la majini alipomwendea akitaka kifaa cha kumpa hewa kila akivuta pumzi, Gagnan akaanzia kwenye vali ile ile. Januari 1943 wakaijaribu kwenye mto Marne karibu na Paris. Cousteau akilala kifudifudi anapumua vizuri, akisimama hewa inamwagika ovyo, akigeuka kichwa chini anavuta kwa shida. Kumbe tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na pale hewa inapoingilia, basi mwili ukigeuka tundu moja linakuwa juu jingine chini na presha ya maji haiwi sawa. Wakayaweka pamoja, ikakubali.

Hilo ndilo la kwanza la kuangalia ukipata regyuleta ya hosi mbili, moja ya kuleta hewa na nyingine ya kurudisha pumzi. Pumzi unayoitoa inarudi mpaka nyuma ya shingo, inatokea ndani ya kopo la brasi linalokaa kwenye mtungi, kupitia kimpira kilichobanwa kama mdomo wa bata, jirani kabisa na diaframu, ule mpira mwembamba unaosukumwa na maji ili hewa ifunguke. Mtu akikuuzia kopo tupu bila hicho kimpira usikatae, siku hizi vinatengenezwa vipya vya silikoni, diaframu pia. Kisichotengenezwa kirahisi ni kopo lenyewe, klipu zake na kile kibati cha jina.

Kibati nacho msikiamini sana. DA Aqua Master na Royal Aqua Master, za hosi mbili za kampuni ya U.S. Divers, ukizitazama kwa nje ni kama mapacha, ila Royal hatua yake ya kwanza, pale presha ya mtungi inaposhushwa mara ya kwanza, imesawazishwa, haibadiliki sana mtungi ukianza kuisha, na DA haiko hivyo. Mtu anaweza kubandika kibati cha hii kwenye ile, kwa hiyo fungua uone ndani. Mistral ina hatua moja tu, ndani ni nyepesi kabisa, nayo ilitengenezwa Ufaransa, Marekani, na Uingereza chini ya Siebe Gorman, wale wale wa helmeti za shaba za wazamiaji. Ukija kwenye za hosi moja, Scubapro Mark 5 ya mwaka 1970 utaijua kwa kile kichwa kinachozunguka, za mwanzo zina matundu manne ya kufungia hosi, za baadaye matano. Nawasihi mafundi wenzangu pistoni yake msiichokoe kwa bisibisi, ule ukingo wake mwembamba ndio unaofunga hewa, ukiuchubua hata kidogo basi imekwisha.

Na hapa naomba vijana wanisikilize vizuri. Nyingi za zamani tundu la presha kubwa, linalotoa hewa ya mtungi kabla haijashushwa, na la presha ndogo yana thredi moja, inchi 3/8, baadaye ndo la presha kubwa likafanywa 7/16 mtu asikosee. Hosi ya presha ndogo imezoea presha ya kama bar 10 hivi, mtungi uliojaa una bar 200, sasa ukifunga hosi hiyo kwenye tundu silo itapasuka usoni kwako. Mimi mwenyewe nshawahi kufunga hivyo, mkono ushafika kwenye vali ya mtungi ndo nikashtuka, na mpaka leo kila tundu nalitia alama ya rangi. Msipake grisi ya gari, tumieni ya silikoni. Kutu ya kijani iloweke kwenye siki na maji ya vuguvugu kidogo tu, brashi ya waya hapana, inakwangua kromu. Na asizamie mtu na kifaa cha hivi kabla hakijafunguliwa chote na fundi anayekijua.

Mwisho ombi langu kwa wahusika wa Fort Jesus. Pale mnaonyesha vitu vya Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama mwaka 1697 Waomani walipoizingira ngome, na vitu hivyo vilitolewa chini ya maji na wazamiaji kuanzia 1977. Vya merikebu viko kwenye kabati, je, vifaa vya aina waliyopumulia waliovitoa viko wapi? Wekeni kabati moja dogo pembeni. Mimi natoa Mistral yangu nzima bila malipo, na ile iliyopondwa nimeinunua pia, nitaileta ikiwa wazi ili watoto wa shule waone ndani.

Fundi wa boti,
Likoni, Mombasa